Anayezunguka ndo anafika kwanza: njia ya haraka kwenye mbio za matanga za mtandaoni

Kila mbio kubwa ya matanga ikianza na watu wakajiunga na ile ya mtandaoni inayoenda sambamba nayo, swali ni lile lile: nimeelekeza mashua yangu moja kwa moja kwenye lengo, siku tatu nzima niko mbele ya maelfu ya watu, afu siku ya nne wote niliowaacha nyuma wananipita kama nimesimama, na wao muda wote huo walikuwa wanaenda upande ambao hata lengo haliko. Wengine wanaona gemu ina upendeleo, wengine wanasema waliolipia ndo wanaoshinda. Mi nadhani kuna jambo moja watu hawajaelezwa vizuri, na ukishalielewa mbio hizi zinabadilika kabisa machoni pako.

Tuanze na mbio zenyewe. Unapewa mashua kwenye ramani ya dunia, bahari ni hizi hizi za kweli, na upepo unatoka kwenye utabiri halisi wa hali ya hewa. Saa moja ya gemu ni saa moja ya saa yako ya ukutani, kwa hiyo kuvuka bahari kunachukua siku kadhaa na kuzunguka dunia kunachukua miezi. Wewe unachoamua ni mwelekeo na tanga la kutumia, basi, mashua inaenda yenyewe hata ukiwa umelala. Gemu inayojulikana zaidi ni Virtual Regatta, ambayo kwenye Vendée Globe ya mwaka 2020 ilisajili wachezaji zaidi ya milioni 1. Hiyo Vendée Globe yenyewe ni mbio ya kuzunguka dunia peke yako bila kuingia bandari yoyote njiani, inaanza na kuishia Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kila baada ya miaka minne.

Sasa angalia hii. Mshindi wa Vendée Globe iliyoanza Novemba 2024, Charlie Dalin, alimaliza kwa siku 64 na saa 19 na kitu, akavunja rekodi ya Armel Le Cléac'h ya siku 74 kwa zaidi ya siku 9. Njia ya mbio hiyo ikipimwa kwenye karatasi ni kama maili 24,000 za baharini. Dalin alisafiri zaidi ya maili 27,600. Yaani alienda umbali wa ziada wa zaidi ya maili 3,600 na ndo akawa wa haraka kuliko mtu yeyote aliyewahi kuimaliza mbio hiyo. Kama bado unaamini njia fupi ndo njia ya haraka, kaa na hizo namba kidogo.

Maneno machache kabla hatujaenda mbali. Maili ya baharini ni mita 1,852, na noti ni maili moja kama hiyo kwa saa, kwa hiyo noti 10 ni kama kilomita 18.5 kwa saa. Pembe ya upepo ni digrii kati ya pua ya mashua na upande upepo unakotoka: 0 ni upepo wa omo, unakupiga usoni kabisa, 90 ni upepo wa ubavuni, na 180 ni upepo wa tezi, unakusukuma mgongoni. Halafu kuna pola, na hii ndo roho ya kila kitu. Pola ni jedwali linalosema mashua hii, upepo ukiwa wa noti kadhaa na pembe ikiwa kadhaa, itaenda noti kadhaa. Kila aina ya mashua ina pola yake. Kwenye gemu pola haidanganyi hata kidogo, ikisema noti 12.4 basi ni 12.4, hamna mawimbi ya kukupunguza wala kamba ya kukatika.

Pola ukiisoma mara ya kwanza inavunja imani mbili ambazo karibu kila mtu anaanza nazo.

Imani ya kwanza ni kwamba upepo wa mgongoni ndo mzuri kuliko wote. Inaonekana ni akili ya kawaida, kitu kikikusukuma kutoka nyuma utaenda kasi, lakini fikiria: upepo ukiwa nyuma yako kabisa, kadiri unavyoongeza kasi ndo kadiri unavyoukimbia, unakuwa hauusikii tena. Ukiweka ubavu kidogo tanga linafanya kazi kama bawa la ndege na mashua inaruka. Tuseme lengo liko upande ule ule upepo unakoelekea, na pola inakupa noti 10 ukienda na pembe ya 180, noti 13 kwa 150, noti 15 kwa 135. Ukienda 180 unasogelea lengo kwa noti 10. Ukienda 150 hauelekei lengo sawasawa, umepinda digrii 30, lakini ile sehemu ya kasi yako inayokusogeza kwenye lengo ni noti 11.3. Kwa 135 ni 10.6. Kwa hiyo yule wa 150 anapiga zigizaga, anaenda kushoto kisha anageuza kulia, anatembea njia ndefu na bado anafika kabla ya yule wa moja kwa moja.

Imani ya pili ni kinyume cha hiyo, kwamba basi nitafute pembe yenye kasi kubwa kuliko zote. Hapana pia. Lengo likiwa upande upepo unakotoka huwezi kwenda moja kwa moja, hamna mashua ya tanga inayoweza, lazima ubishe, uende mshazari upande mmoja halafu ugeuze uende mshazari upande wa pili. Ukibisha kwa pembe ya 40 na noti 7 unalisogelea lengo kwa noti 5.4, kwa pembe ya 50 na noti 8.2 unapata 5.3, kwa pembe ya 60 na noti 9 unapata 4.5 tu. Huyo wa mwisho skrini yake inaonyesha kasi nzuri kabisa, anafurahi, na yeye ndo anabaki nyuma. Kasi ya kulielekea lengo ndo ya kuangalia, wachezaji wanaiita kwa herufi tu, VMG, na ile kubwa inayoandikwa kwenye skrini usiikimbilie.

Lakini VMG nayo ina mipaka yake na hapa wengi waliojifunza kidogo wanakwama. VMG inajibu swali la sasa hivi: kwa upepo huu, saa hii, pembe ipi inanisogeza zaidi? Haijui chochote kuhusu kesho. Mtu anayefuata VMG saa baada ya saa ni kama dereva anayechagua barabara kwa kuangalia ipi haina foleni pale alipo, kila kona anachagua sawasawa, afu anaishia kwenye foleni kubwa kuliko zote kwa sababu hakuna kona hata moja alipojiuliza mbele kuna nini.

Kuhusu ramani nitapita haraka. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya skrini sio mstari mfupi, kwa sababu dunia ni mviringo na ramani ya aina ya Mercator, ambayo ni ya tangu mwaka 1569, inaivuta dunia iwe bapa. Ukisafiri kwenye latitudo 45 Kaskazini kwa digrii 60 za longitudo, kufuata mstari ulionyooka kwenye ramani ni kama maili 2,546, lakini ukipitia njia ya mviringo wa dunia, ambayo kwenye ramani inaonekana imepinda kuelekea ncha ya kaskazini, ni maili 2,485. Maili 61 za bure. Ni faida, ila ukilinganisha na upepo ni kitu kidogo.

Haya, upepo sasa. Lengo liko maili 600. Ukinyoosha unapita kwenye upepo hafifu na unaenda noti 7, inakuchukua karibu saa 86. Ukizunguka inakuwa maili 720 lakini kwenye upepo mzuri wa noti 11, unafika kwa saa 65 na nusu. Umeongeza maili 120 na umeokoa saa 20. Na tofauti kama hiyo baharini ni ya kawaida sana, kwa sababu bahari ina maeneo makubwa ya shwari na maeneo makubwa ya upepo na mara nyingi yanakaa jirani.

Mfano ambao mi naupenda kuliko yote ni Atlantiki ya Kusini. Mtu ameshavuka ikweta anataka kwenda Rasi ya Tumaini Jema, anachora mstari kutoka alipo mpaka kwenye rasi, kwenye ramani panaonekana bahari tupu, hamna kisiwa cha kumzuia, kwa nini asiende? Kwa sababu katikati pale huwa pamekaa eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linaloitwa kwa jina la kisiwa cha St Helena. Kitovu cha mgandamizo mkubwa ni shwari, maji kama kioo. Na kusini mwa ikweta hewa inazunguka mgandamizo mkubwa kinyume na mishale ya saa (kaskazini mwa ikweta ni kufuata mishale ya saa). Tembeza kidole kwenye huo mzunguko uone: upande wa magharibi upepo unashuka kusini, upande wa kusini unaenda mashariki, upande wa mashariki unapanda kaskazini. Anayenyoosha atalala kwenye shwari, na akijaliwa kutoka atakutana na upepo wa omo upande wa pili. Anayeshuka karibu na Brazil anasukumwa kusini, kisha akifika chini anashika pepo za magharibi zinazomrusha mashariki. Ndo maana kwenye ramani unaona kundi zima la mashua linaelekea Amerika Kusini wakati wanatakiwa kwenda Afrika. Hawajapotea. Na hata kabla ya hapo, ule mkanda wa shwari karibu na ikweta huwa mwembamba zaidi upande wa magharibi, ndo maana watu wanasogea huko kwanza kabla ya kuuvuka.

Ila sio kukariri kwamba "pita magharibi". Yale maeneo yanasogea, yanavimba, yananywea, wakati mwingine yanagawanyika na kufungua mlango katikati kwa siku moja au mbili. Na hapa ndo penyewe hasa: upepo unaouona kwenye skrini sasa hivi pale mbele, maili 400 kutoka ulipo, haukuhusu, kwa sababu wewe utafika pale baada ya saa 40. Upepo unaokuhusu ni utakaokuwepo pale saa hiyo ukifika. Ni kama kumpasia mpira mwenzako anayekimbia, humpigii alipo, unampigia atakapokuwa. Watu wanaona rangi nyekundu ya upepo mkali kwenye ramani wanaikimbilia siku mbili, wakifika imeshaondoka zamani, wamebaki kwenye mkia wake hawana kitu.

Ndo maana hesabu hii akili peke yake haiimudu na watu wanatumia programu za kupanga njia, kama qtVlm ambayo ni ya bure. Wengi wanaziona kama uchawi, lakini kazi yake unaweza kuielewa bila hesabu yoyote. Mwaga maji sakafuni, sakafu isiyo sawa. Maji yanasambaa kutoka pale yalipodondokea, upande wenye mteremko yanakimbia, upande ulioinuka yanasita. Kila baada ya sekunde ungechora mstari kuzunguka ukingo wake ungepata mistari mingi iliyopinda, kila mmoja unasema: hapa ndo mwisho wa mbali maji yalipofika kwa muda huu. Programu inafanya hivyo hivyo kwa mashua. Inajiuliza, kutoka hapa nikienda kila upande kwa saa moja, kwa pola yangu na upepo huu, nitafika wapi? Inaunganisha vidokezo vya mbali zaidi, unapatikana mstari. Kisha kutoka kila nukta ya mstari huo inarudia, safari hii kwa upepo wa saa inayofuata, na tena, na tena, mpaka mstari mmoja uguse lengo. Hapo inarudi nyuma ikiuliza: hii nukta iliyogusa ilitoka kwenye nukta ipi, na ile ilitoka wapi, mpaka mwanzo. Hiyo ndo njia ya haraka. Mistari hiyo inaitwa isokroni, na mbinu hii haikuanzia kwenye gemu, ilielezwa na R. W. James mwaka 1957 kwa ajili ya meli za jeshi la majini la Marekani, enzi hizo watu wanachora kwa mkono juu ya ramani.

Ona kitu kimoja muhimu hapo, programu haiulizi hata mara moja kama unaelekea lengo. Inatafuta muda tu. Kwa hiyo ikikwambia geuka kaskazini wakati lengo liko kusini usishtuke, labda kweli kaskazini kuna upepo utakaokufikisha haraka.

Labda. Hilo neno nalisisitiza kwa sababu imani nyingine inayoangusha watu ni kwamba programu ikishatoa jibu basi limeisha. Programu ni hodari wa hesabu, lakini hesabu yake imesimama juu ya utabiri. Gemu nyingi zinatumia utabiri wa GFS wa Marekani, unaotengenezwa mara nne kwa siku kwa saa za kimataifa (UTC), 00, 06, 12 na 18, na unaenda mbele mpaka siku 16. Ndani ya gemu upepo ni utabiri wenyewe, kwa hiyo mpaka faili jipya la utabiri liingie unajua upepo wako kwa uhakika ambao nahodha wa kweli hawezi kuota. Siku ya pili bado unaaminika vizuri. Siku ya saba unaweza kubadilika kabisa. Siku ya kumi na mbili ukiniambia mstari wako unapita kwenye kijia chembamba kati ya shwari mbili, mi nitakwambia usikiweke moyoni.

Nimewahi kupoteza mbio nzima kwa sababu hii. Nilikuwa na njia mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na ya kaskazini ilikuwa bora kwa saa mbili tu kwenye safari ya siku tisa. Nikaishika. Faili mbili baadaye ule mlango niliokuwa naulenga ulijifunga na nikakaa kwenye upepo wa noti 3 karibu siku nzima, wakati waliochagua kusini hata kama utabiri ungekosea kote walikuwa na upepo wa kutosha. Saa mbili ndani ya siku tisa sio tofauti, ni kelele tu. Tangu hapo kabla ya kuchagua naiendesha programu mara kadhaa, naipunguza pola kidogo, nachelewesha muda wa kuanza kwa saa chache, naona kama njia bado iko pale pale. Ikirukaruka kila nikigusa kitu kidogo, siiamini.

Turudi kwenye lile swali la msimamo, kwa sababu ndo linalowavuruga watu zaidi. Msimamo wa gemu unapangwa kwa umbali uliobaki mpaka mwisho. Kwa hiyo anayenyoosha lazima awe juu siku za mwanzo, hata kama anaelekea kwenye shwari, na anayezunguka lazima ashuke hata kama atashinda. Ukiona umeporomoka nafasi elfu kumi kwa usiku mmoja usiguse usukani kwa hasira. Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha njia katikati kwa sababu ya msimamo, maana unakuwa umelipa gharama ya kuzunguka na faida yake hujaichukua. Fungua utabiri, pima njia yako tena kuanzia hapo ulipo, na kama bado inashinda endelea nayo.

Kuna na suala la usukani unapolala. Unaweza kufunga dira, yaani mashua ishike mwelekeo mmoja, au kufunga pembe ya upepo, yaani mashua igeuke pamoja na upepo. Unabisha kwa pembe ya 45, umefunga dira, usiku upepo unageuka digrii 30 kuja usoni, pembe yako inakuwa 15 na mashua inasimama mpaka asubuhi. Ungefunga pembe ya upepo kasi ingebaki vile vile ila njia ingepinda, na kama kuna nchi kavu karibu ungeamka uko mchangani. Kwa hiyo mimi bahari ikiwa wazi na nabisha nafunga pembe, karibu na pwani nafunga dira na naacha nafasi ya kutosha, maana programu zinapenda sana kunyoa kona za visiwa. Na kila ukigeuza au kubadilisha tanga mashua inapoteza kasi kwa muda, kwa hiyo zigizaga ishirini ndogo zinazoonekana nzuri kwenye hesabu ni hasara mara nyingi kuliko tatu ndefu.

Suala la kulipia, tuseme ukweli, matanga ya ziada na vifaa vingine vinaongeza kasi, hilo halina ubishi, na anayetafuta nafasi kumi za juu atavihitaji. Lakini kwa wengi wetu tofauti kati ya kuzunguka shwari na kuingia ndani yake ni kubwa kuliko tanga lolote la kununua. Na wanaosema kutumia programu ni udanganyifu wajue kwamba hata kwenye Vendée Globe ya kweli kinachokatazwa ni mtu wa nchi kavu kukupangia njia, nahodha mwenyewe akiwa ndani ya mashua anakaa na kompyuta yake akichora isokroni zake kama wewe.

Mbio ikiisha, chukua njia uliyopita uiweke juu ya njia ya aliyeshinda. Tafuta pale mlipoachana, kisha angalia utabiri wa siku ile. Mi nikifanya hivyo karibu kila mara nakuta mahali penyewe hapafanani na kosa, hamna shwari, hamna kisiwa, wote wawili tuna upepo mzuri wa noti 15, yeye amepinda digrii nane tu kuelekea magharibi, na shwari iliyonikamata mimi iko siku tatu mbele.